Dakika Mia Moja na Kumi na Nne

Aloysius aliitazama namba kwenye kompyuta ya yule msichana, akasonya kwa urefu.

"Dakika mia moja na kumi na nne? Bwera mpaka Kasese? Kwani tunakwenda kwa magoti?"

Ajok, mhandisi aliyeletwa kutoka Kampala, hakucheka. "Ndivyo mashine inavyokadiria, mzee. Gari likiwa na mgonjwa, siku ya Jumanne, likiondoka saa tatu asubuhi. Wastani wa kilomita thelathini kwa saa."

"Thelathini!" Akawageukia wauguzi waliojaa barazani. "Jamani, mmesikia? Hata mkokoteni ungeona haya!"

Kwa miaka kumi na tisa Aloysius alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo kile cha afya. Amebeba wajawazito, amebeba waliogongwa na bodaboda, amebeba wengine wakafika wameshapoa. Leo hii, mwaka 2017, anakuja mtoto wa juzi na miwani yake, na kompyuta ambayo eti imejifunza yenyewe kubashiri mwendo wa magari, kama ilivyofanya kwenye barabara za Kampala! Hiyo kompyuta iko na macho? Imewahi kubadilisha tairi? Imewahi kungoja tembo amalize kuvuka pale Kikorongo? Wapi! Upuuzi mtupu.

Wazo lilikuwa la Sista Kenyangi, mkuu wa kituo. Katika mwaka mmoja wagonjwa wanne walikuwa wamefia njiani, na kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa foleni. Malori ya saruji, malori ya Congo, kizuizi cha polisi. Basi Sista akataka mashine imwambie foleni hizo hutokea saa ngapi, ili gari lizikwepe. Aloysius aliposikia kwamba atakuwa akiondoka kwa amri ya kompyuta, alivimba mbele ya kamati nzima ya kituo. Ipimwe! Ikipatia, yeye anarudisha ufunguo na kwenda kulima mihogo. Ikikosea, msichana afungashe virago.

"Mzee," Ajok akauliza, "leo utaendesha kama siku zote?"

"Kama siku zote. Mimi sijui kuigiza."

Benon, mjumbe wa kamati, ndiye aliyelazwa nyuma badala ya mgonjwa, saa yake ya mfukoni kiganjani. Alikuwa ameingia ndani ya gari lile mara moja tu, mwaka uliopita, na mkewe Yayeri, na Yayeri hakufika. Vioo vya nyuma vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe, hivyo siku ile hakuona hata walikuwa wapi, wala gari lilikuwa likisimama kwa nini. Ajok alikaa kando yake na kompyuta magotini. Sista akakaa mbele, pembeni mwa dereva.

"Saa tatu kamili," Benon akasema. "Twende."

Gari likachomoka. Njia ilikuwa nyeupe pe, na Aloysius alikanyaga mafuta kwa raha zake. Huyu msichana leo atajua kwamba kazi za watu zina wenyewe.

Walipofika Kinyamaseke, mwanamke mwenye kuku wawili aliinuka kando ya barabara akapunga mkono. Kisha akaiona shela ya Sista kwenye kiti cha mbele, akaketi tena. Aloysius alimpigia honi fupi. Pale Kikorongo, mwanamume mwenye magunia ya chumvi ya Katwe alisogea hadi ukingoni mwa lami. Aloysius akamtikisia kidole, akapita.

"Unajulikana sana," Sista akasema.

"Miaka kumi na tisa, Sista. Barabara yote hii ni ndugu zangu."

Akapaza sauti kuelekea kidirisha kilichotazama nyuma. "Wewe binti! Hiyo foleni yako iko wapi? Niambie basi nipunguze mwendo, nisiiaibishe mashine."

Ajok alikuwa anaitazama kompyuta. Benon alikuwa anatazama saa.

"Mmemeza ndimi? Haya, tulieni. Mbele kwa mbele."

Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, huku anajipigia makofi kwenye usukani. Tayari alikuwa akijisikia jioni ile akiwasimulia madereva wenzake, wakishika mbavu. Walipoingia lango la hospitali, Kasese, alipiga honi mara tatu, akaruka chini na kwenda kufungua mlango wa nyuma kwa mikono miwili.

"Benon! Wasomee!"

"Dakika hamsini na nane," Benon akasema.

"Nusu!" Aloysius alipiga kelele hadi walinzi wakageuka. "Mashine yenu imepotea nusu nzima ya njia! Sista, umeshuhudia mwenyewe. Na wewe, binti, basi la Kampala linaondoka saa sita. Usichelewe."

Ajok alifunga kompyuta. Alipozungumza, alizungumza kwa upole.

"Mashine haiijui barabara, mzee. Sikuifundisha barabara. Wafadhili waliolitoa gari hili walitia ndani kifaa kinachoandika kila linapokwenda na kila linaposimama. Nilichukua safari zako mia mbili na sita zenye mgonjwa, nikaifundisha hizo tu. Zile unazombeba Sista au mgeni wa kamati, siku zile zile, saa zile zile, sikuzitia. Hizo hazisimami Kinyamaseke wala Kikorongo, na hazizidi saa moja."

Sista Kenyangi alikuwa bado hajashuka. Aligeuka taratibu, akakitazama kiti alichokalia, kisha akamtazama dereva wake.

Benon alishuka kitandani, akasimama mbele ya Aloysius. Saa ilikuwa bado wazi kiganjani mwake.

"Yayeri," akasema, "alikata roho dakika ya tisini."