Viatu vya Farasi

Masika yalipokwisha, Farasi, mwenye viatu vya chuma na mdomo wa kuhutubia kama yuko semina, alimtoa Mbwa wakakimbie barabara ya lami saa saba mchana. Mbwa alimpenda, akamfuata. Walipofika kilimani Mbwa akajitupa kwenye majani.

"Uvivu tu! Vijana hamna hustle," Farasi akafoka. "Mbona mimi nadunda?"

"Nyayo zangu zinaungua, kaka."

"Excuses! Visingizio tu!"

"Basi gusa lami kwa pua."

Farasi akagusa, akaruka akilia. Akazitazama nyayo za mwenzake: malengelenge matupu. Akapiga magoti.

"Panda mgongoni, mdogo wangu. Kesho tutatoka alfajiri, tupite kwenye majani."

Njiani Punda, naye kavaa vyuma, akacheka: "Mvivu huyo, anabebwa!"

"Mheshimiwa," Farasi akamjibu, "gusa lami kwa pua kwanza, ndipo uongee."