Asiyeitika Salamu

"Usiwashe!" Obeid alifoka kwenye simu. "Mwalimu, nakuomba, kidole kisiguse swichi. Chai ya maziwa ni mbaya kuliko maji. Chomoa chaji, igeuze kifudifudi, kisha mbio mpaka hapa. Na usisimame njiani kwa salamu, hata ukiitwa! Nusu saa ikipita, hiyo si kompyuta tena, ni sinia."

Upande wa pili Mwalimu Veneranda alikuwa analia. Kazi yake ya chuo ya miaka miwili ilikuwa humo, na kesho ndiyo siku ya kuiwasilisha.

Obeid alitandika kitambaa mezani, akapanga bisibisi, mswaki na chupa ya spiriti. Katika mji mzima wa Makongolosi hakukuwa na fundi wa kufufua kompyuta iliyolowa kama yeye, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo. Lakini jina la fundi ni kama yai. Mwaka jana alilala mahabusu siku tatu kwa sababu ya kompyuta ya wizi aliyoletewa kutengeneza. Alipotoka, wateja walipita mbali na mlango wake, na ilimchukua mwaka mzima kuwarudisha. Aliapa kwamba mwizi mwingine akithubutu kumsogelea, atajuta kuzaliwa.

Dakika ishirini zikapita. Mwalimu hakuonekana.

"Tayari kashakutana na mashoga zake," Obeid alinung'unika.

Ndipo kelele zikapanda kutoka upande wa madimbwi ya kuoshea mchanga wa dhahabu.

"Mwizi! Mwizi huyoo!"

Alitoka nje. Jamaa mmoja, pekupeku, vumbi la shimoni mwili mzima, alikuwa anakuja mbio huku amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye taulo. Nyuma yake walikuwa watu kumi, kisha ishirini. Tofali lilimpata mgongoni. Alianguka kifudifudi, na kompyuta ikaruka ikatumbukia dimbwini.

"Nimemsalimia mara mbili, hajaitika!" alipiga kelele Bartholomeo, mwenye mashine ya kusaga mawe. "Mtu mwema anapita watu bila salamu?"

"Kaiba mpaka taulo!" mwingine alicheka, akamzamishia teke mbavuni.

Hakuna aliyemjua. Sura ilikuwa ngeni, na neno moja moja lililomtoka lilikuwa na lafudhi ya wafugaji wa kule Usangu. Kila alipofungua mdomo kusema, kiatu kiliufunga. Jiwe likampasua paji la uso. Alifuta damu machoni, akainua kichwa, akapaza sauti kwa nguvu zote zilizobaki:

"Fundi Obeid! Muulizeni fundi Obeid, yeye anajua!"

Kelele zikakatika. Macho yote yakahamia kwa Obeid, na yalikuwa macho yale yale ya mwaka jana.

"Eti, fundi?" Bartholomeo aliuliza taratibu. "Ni mtu wako huyu?"

Obeid alisukuma watu, akamsogelea. Mwaka mzima wa kujisafisha, na sasa huyu!

"Sijawahi kumwona!" Alinyakua mpini wa sururu kutoka mkononi mwa mtu. "Unataka kuniuza mimi, mshenzi wewe?"

Pigo la kwanza lilivunja mkono ulioinuliwa kujikinga. La pili alilielekeza mdomoni, kusudi, maana huko ndiko jina lake lilikotokea. La tatu lilitua kichwani. Baada ya hapo watu walishangilia na yeye hakujizuia tena, akapiga mpaka mpini ukamteleza kwa damu. Wengine walipokuja kumalizia hawakukuta cha kumalizia.

Gari la polisi lilifika.

"Nani kampiga?"

"Wananchi wenye hasira kali, afande," alijibu Bartholomeo, na afande akaandika hivyo hivyo.

Maiti ilipakiwa nyuma ya gari. Kompyuta ilipoopolewa dimbwini, Bartholomeo mwenyewe alimkabidhi Obeid mbele ya umati, afande akiitikia kwa kichwa. "Ikaushe, fundi, tumjue mwenyewe. Wewe ndiye mtu wa kuaminika."

Obeid aliingia nayo dukani. Alijisikia fahari, tena fahari kubwa. Tangu leo hakuna ambaye angemwita mnunuzi wa vitu vya wizi.

Alinawa damu kwanza. Kisha akafungua skrubu, akachomoa betri, akamwaga tope, akaanza kusugua kwa mswaki na spiriti. Tope lilitoka upesi. Lakini chini yake, katikati ya vitufe, kulikuwa na kitu kingine kilichokataa kutoka. Kilikuwa utando mweupe wenye kunata. Aliinama akaunusa, ukanukia tangawizi na maziwa.

Mswaki ukasimama.

"Hodi, fundi."

Mwalimu Veneranda aliingia ameshika kiuno, mimba ya miezi minane ikimtangulia, jasho likimtiririka. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mezani, akatabasamu.

"Afadhali imewahi! Mimi na tumbo hili ningefika kesho. Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa anatoka shimoni, hata viatu hakuvaa. Nikamwambia asisimame hata akiitwa, kama ulivyosema." Alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa. "Kaenda wapi sasa? Ni mgeni huyu, ana wiki moja tu hapa, hajui mtu. Nilimwambia akipata shida yoyote njiani, ataje jina lako."