Upepo kwenye Mafuta

“Hilo pikapu lenu mtalisukuma mpaka lini?” jirani aliwahi kuwauliza. Salha alicheka tu siku hiyo, mikono imejaa dizeli. Injini ilipogoma, yeye ndiye aliyekuwa akilegeza nati ya pampu na kutoa upepo, huku mumewe akipiga stata.

Sasa mumewe alikuwa na siku arobaini kaburini, na Salha alikuwa nyuma ya pazia, katika eda, asionwe na wanaume. Mwanawe Raya alikuwa mapajani mwa mama mkwe, anawaka homa, na hospitali ilikuwa mbali. Uani, shemeji yake Msabaha alipiga stata. Injini ilizunguka bila kushika.

“Betri hii,” alisema Msabaha.

“Si betri, shemeji. Upepo umeingia kwenye mafuta. Legeza nati ya pampu.”

“Wewe kaa eda yako. Magari tuachie wenyewe.”

Akapiga tena. Safari hii stata ilizunguka kwa uzito, ikakaribia kusimama; sasa betri nayo ilikuwa inaisha.

“Usithubutu, mwanangu,” mama mkwe alimwambia Salha alipoinuka. “Watu watasema hukumstahi marehemu.”

Salha alimtazama Raya. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na macho yamegeuka meupe.

Akajitanda kanga kichwani, akasema bismillahi, akafunua pazia, akatoka kwenda kulegeza nati.