Hodi ya Ngiri

Ngiri alikuwa na tamaa. Aling'oa miti yote ya kwao mpaka jua likamchoma mgongo, ndipo akauendea msitu wa Pimbi.

"Msitu huu hauna wenyewe," akamwambia hakimu Kongoni, aliyeitwa pale msituni kuamua kesi yao. "Nimeuzunguka wote, sijaona hata kibanda."

"Sisi tunakaa mapangoni tangu enzi za mababu," akasema Bibi Pimbi.

"Mapango matupu hayo!"

Mara mvua ya mawe ikashuka. Ngiri akakimbilia pango la karibu, akasimama mlangoni kwa adabu aliyofunzwa na mamake.

"Hodi! Hodi humu!"

"Karibu, mjomba!" watoto wa Pimbi wakaitikia kutoka ndani. "Pita, usilowe!"

Hakimu Kongoni, amelowa chapachapa, akaangua kicheko.

"Kesi imekwisha, Ngiri. Hebu niambie, ulikuwa unampigia nani hodi?"