Bampa la Mrefu

Fundi alikuwa amelala chali kando ya barabara, kichwa chini ya gari la mtu asiyemjua. Mwenye gari alikuwa dukani ananunua soda.

"Kaka, umepoteza nini huko?" mwenye gari aliuliza aliporudi na kukuta miguu miwili imetokeza chini ya gari lake.

"Bampa hili umetengenezewa wapi?"

"Kwa Mrefu, kule nyuma ya soko. Kwani lina kasoro?"

"Halina," fundi akasema, akijikung'uta vumbi. Hilo ndilo lililomuuma.

Mtaa mzima ulimwita Bampa, na jina halikuja bure. Madereva wa njia mbovu walimletea magari yao ili awavulie bampa jepesi la kiwandani na kuwafungia la chuma, lenye pete mbili nene za kunasia mnyororo gari linapozama kwenye tope. Mafundi wengine walizichomelea pete zao juu juu. Gari likivutwa kwa nguvu, pete inang'oka na kuruka kama risasi. Dereva mmoja ilimvunja taya. Pete za Bampa hazikung'oka. Mguu wa pete ulipenya ndani ya bampa, ukakunjwa kwa nyuma, ukafungwa kwa boliti kwenye chesisi yenyewe, uti wa mgongo wa gari, kwa hiyo kilichovutwa kilikuwa gari zima. Aliyetazama kwa mbele hakuona kitu. Mkunjo ule ulifanywa mlango ukiwa umefungwa, na aliyemshikia chuma upande wa pili alikuwa mmoja tu: Shemeji, kaka wa mke wake, ambaye Bampa mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui kutofautisha chuma na bati.

Sasa mkunjo ule ule ulikuwa chini ya gari la mteja wa Mrefu.

Alimkuta Shemeji kwenye karakana yake akisaga kingo za bampa jipya. Akachomoa waya wa mashine ukutani.

"Shemeji, tangu lini unakula kwangu na kunawa kwa Mrefu?"

Shemeji akavua miwani taratibu. Hakuuliza kuna nini.

"Mimi sijamfundisha Mrefu kitu."

"Kajifunza ndotoni?"

"Sijasema hivyo. Nimesema si mimi."

"Kwa hiyo unamjua ni nani."

Shemeji akatazama sakafu. "Namjua. Lakini jina lake halitatoka kinywani mwangu. Nenda ukajionee."

Bampa akautupa waya chini. Mtu huyu walilala naye chumba kimoja wakati karakana haijawahi kulipa kodi ya miezi miwili mfululizo. Mkono wa Bampa ulipoungua, aliyempeleka hospitali ni yeye.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Waliosema hawakukosea. Vua ovaroli yangu."

Shemeji akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Mlangoni akageuka.

"Nisalimie mzee wako," akasema, akaenda zake.

Nyumbani habari zilikuwa zimetangulia. Mke wake alipakua chakula, na sufuria ilipogonga meza hakuomba radhi.

"Umemfukuza kaka yangu kwa ulichokiona au kwa ulichokidhani?"

"Nimeona kwa macho yangu haya."

"Umeona bampa. Mtu hukumwona."

Baba yake Bampa, aliyemwachia karakana na ufundi wake wote, akahamia kwa mwanawe alipoombwa apumzike, alikuwa anamalizia sahani ya pili. Siku hizi kila asubuhi aliaga kwamba anakwenda kuzungumza na wazee wenzake, akarudi jioni na njaa ya kijana na macho mekundu, akalala mapema. Aliposikia maneno yale, kijiko kikasimama njiani.

"Umemfukuza?" mzee akauliza. "Mwanangu, mrudishe. Kuna jambo..."

"Baba, mambo ya karakana niachie mimi. Wewe kazi yako ni kupumzika."

Mzee akasogeza sahani, akaenda kulala.

Kulipokucha Bampa hakufungua karakana. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Alijua atakayemkuta huko, na njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia: kwamba adui huja na jembe mkononi, lakini ndugu huja na kijiko. Alitaka ayaseme mbele ya watu, yamkae mwilini.

Geti la Mrefu lilikuwa wazi. Uani palikuwa na gari limeinuliwa kwa jeki, na mbele yake mtu ameinama juu ya bampa, ngao ya kuchomelea imemfunika uso, cheche zinamrukia ovaroli. Mrefu mwenyewe, bosi wa pale, alikuwa amepiga magoti, amemshikia chuma upande wa pili kwa adabu, kama mwanafunzi.

"Kumbe hukuweza kungoja hata siku moja," Bampa akasema kwa sauti. Mafundi wakaacha nyundo zao. "Nilikupa mkono wangu, ukauleta huku. Inua uso, wakuone."

Mrefu akainua mkono kumzuia.

Mtu yule hakushtuka. Aliumalizia kwanza mshono wake mpaka mwisho, akaupuliza, akaweka mashine chini. Ndipo akainua ngao.

"Shikamoo, Baba," Bampa akajikuta anasema, mdomo ukitangulia akili.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. "Huku hawajaniambia nimezeeka."