Kitufe cha Ubavuni

Dorsey Combs alisimama, mkono wa kuume umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, akasema kabla hajaulizwa lolote.

"Kosa ni langu. Risasi ilikataa kuingia, nikaisukuma kwa kitufe. Ikalipuka kabla chemba ya bunduki haijafungika. Basi."

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada, katika kibanda cha chama cha walenga shabaha, huku milimani Kentucky. Maharage na mkate wa mahindi vilikuwa vinapoa mezani. Hakuna aliyekula.

Mwenyekiti, Harlan Stidham, ndiye aliyefungua mkutano kwa sala. Alikuwa shemasi, na Dorsey alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Leo hakuweza kumtazama usoni. Aibu ya rafiki aliiona kama yake mwenyewe.

Suala lilikuwa moja: Dorsey aendelee kuwafundisha wawindaji wapya, au aondolewe?

"Kwanza tukizungumzie hicho kitufe," alisema Lowell, aliyepigana Vietnam ujanani. "Karibu kila bunduki ya aina hii inacho ubavuni, upande wa kuume, na hakikuwekwa kama pambo. Risasi ikikwama, unakigonga kwa kiganja, inaingia. Bila hicho mimi nisingerudi nyumbani."

"Lowell, wewe hata mlango wa gari ukikataa unaupiga teke," alisema Nadine, mwanamke pekee katika chama na mwenye shabaha kuwapita wote.

"Na unafungika!"

Watu wakacheka, hadi walipokumbuka bendeji.

"Kule kulikuwa na tope na watu wanakutafuta roho," Nadine aliendelea. "Hapa nani anakufukuza? Karatasi ya shabaha? Risasi ikikataa, ina sababu. Itoe, uitazame. Kitufe kile kinamsaidia mtu kufanya ujinga haraka zaidi."

"Sema hivyo siku dubu anakujia."

"Dubu akinijia nitamtupia wewe, bwana."

Dorsey hakucheka. Bunduki iliyolipuka alikuwa ameiunda mwenyewe majira ya baridi, kipande kwa kipande, na Jumamosi ya wiki iliyopita ndipo alipoileta uwanjani mara ya kwanza. Alikuwa peke yake kwenye mstari. Wenzake walisikia mlio tu, wakamkuta amepiga magoti, bunduki ameshaifunika kwa koti.

"Nauliza kingine," alisema Nadine, sauti imeshuka. "Zile risasi zilikuwa za dukani, au za Harlan?"

Kwa miaka thelathini Harlan alikuwa akiwajazia risasi karibu wote, kwa mkono, kwenye meza yake katika chumba cha chini ya nyumba: baruti ya kila ganda ilipimwa peke yake. Lakini tangu Lorene, mkewe, afariki wakati wa Pasaka, mara mbili alijikuta ameshika ganda asijue kama ameshalitia baruti au bado; na baruti ikitiwa mara mbili hupasua bunduki. Aliomba, akaendelea na kazi.

Alifungua mdomo. Dorsey akamtangulia.

"Za Harlan, na hazina kosa hata moja. Nimeshasema ni mimi na kitufe. Mnataka nirudie mara ngapi?" Masikio yake yalikuwa mekundu.

Harlan alihisi kifua kimefunguka. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Na katika nafuu ile akasema zaidi ya alivyokusudia.

"Miaka kumi na tisa unawafundisha watu, Dorsey. Siku ya kwanza unawaambia nini? Ikikataa, usiilazimishe. Na wewe ukailazimisha! Angekuwapo mwanafunzi kando yako, leo tungekuwa makaburini. Nakupenda kama ndugu, lakini nakuonea haya."

Dorsey alitazama sakafu. "Una haki," alisema.

Wakapiga kura ya kumwondoa. Lowell alikataa kuinua mkono. Nadine aliinua polepole, bila kumtazama mtu. Harlan ndiye aliyeinua wa mwisho, na ikawa imetosha. Dorsey akavua kofia yake nyekundu ya mwalimu, akaiweka kando ya mkate, akatoka.

Harlan hakuweza kukaa. Alimfuata hadi kwenye gari na kumkuta akihangaika na funguo kwa mkono wa kushoto.

"Subiri, Dorsey. Tuombe pamoja kwanza."

"Utaniombea ukifika nyumbani. Ila nisikilize jambo moja." Dorsey alisema bila kugeuka. "Achana na ile meza, Harlan. Pumzika. Lorene asingependa ukae kule chini peke yako na mawazo."

"Wewe ndiye uliyeumia, halafu unanihurumia mimi?"

"Niahidi."

"Nimekuahidi," alisema Harlan, machozi yakimlenga. "Lete, angalau nikufungulie mlango."

"Acha, nitafungua mwenyewe!"

Lakini Harlan alikuwa ameshachukua funguo na kuufungua. Bunduki ilikuwa imelala kwenye kiti, tumbo limepasuka, ubavu wake wa kuume ukitazama juu. Dorsey akavuta koti kuifunika. Alichelewa.

Ubavu ulikuwa mzima, chuma kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Bunduki ile haikuwahi kuwa na kitufe.