Sauti ya Mlinzi wa Lango

"Ule mchezo nimeu-finish mara tatu," Franck alisema, miguu juu ya meza ya mama yake. "Mara ya tatu nilicheza kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na sambusa."

Inès, binamu yake, alikuwa ameendesha gari kutoka Plano mpaka hapa Alief, kitongoji cha Houston, mwendo wa saa nne na ushee, kwa sababu ya mchezo huohuo. Yeye ni mmoja wa wanaoutengeneza. Shujaa wake ni Keza, msichana ambaye alipozaliwa watu walimhesabu mvulana, na sasa anavuka nchi tisa akimtafuta simba aliyeiba mvua. Simba hakumpa Inès shida yoyote. Shida ilikuwa lango la nchi ya tano.

Pale langoni mlinzi humsimamisha Keza na kumuuliza yeye ni nani. Inès ameiandika sehemu hiyo mara nane. Ikitoka vizuri inafanana na mahojiano ya ubalozi; ikitoka vibaya, na mzaha wa walevi. Kisha nakala za majaribio zikapelekwa kwenye nyumba ishirini, na kutoka nyumba moja yakarudi maoni yasiyo na jina, yaliyomfanya Inès afunge mlango wa ofisi, alie kidogo, afungue, aanze upya.

Nyumba yenyewe ndiyo hii.

"Kwa hiyo uliyaandika wewe?"

"Sasa nani mwingine? Mama?"

Jikoni Véronique, mama yake Franck, alicheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. Ile mashine ya michezo yeye aliijua kwa kuifuta vumbi tu.

"Basi nisikilize," Inès alisema. "Aliyeandika ndiye atakayekuwa sauti ya mlinzi. Tuna-record kesho Plano, na jina lake litatokea mwishoni mwa mchezo."

Franck akashusha miguu mezani. Alijiona Jumapili ijayo akichelewa misa kwa makusudi, kusudi kanisa zima ligeuke. Sauti yenyewe aliianza palepale. Ikatoka nzito kama ya mtu mwenye mafua.

"Hiyo hapana," Inès alisema. "Nisomee haya maoni, kwa sauti yako ya kawaida."

Akampa simu. Franck akakohoa.

"'Mlinzi asimuulize Keza jina lake la zamani. Mimi nilipofika kambi ya wakimbizi, karani hakunisikiliza. Alinibandika jina la mtu mwingine, akaniandika nimezaliwa tarehe moja Januari, mimi pamoja na... na watu mia nne wa foleni ile.'"

"Ngoja. Si ulizaliwa hapahapa Houston?"

"Ni sanaa, Inès. Niliingia ndani ya mhusika."

"Na birthday yako ni Agosti. Keki nilikula."

"Niliingia sana."

Inès alikuwa amefungua mdomo ajibu, mlango wa gari ukafungwa nje, karibu na dirisha lililo wazi; hakuna aliyelisikia gari lenyewe likifika. Véronique akachungulia dirishani.

"Tonton wenu huyo!"

Tonton Polycarpe ni kaka mkubwa wa Véronique. Ni katekista, anaishi chumba cha nyuma, na mwaka jana alichomoa waya wa televisheni katikati ya fainali, akasema hilo sanduku nalo lifunge Kwaresima. Mbele yake hakuna aliyewahi kulitaja jina la Keza. Ndugu wote, kuanzia Alief mpaka Fort Worth, walikuwa wamekubaliana hivyo bila kikao.

Franck akauondoa mchezo, akaweka wa mpira. Inès akalikalia boksi lenye picha ya Keza. Véronique akaongeza moto kwenye maharage, utadhani maharage yangewatetea.

Tonton akaingia na suti yake ya kijivu, Biblia kwapani.

"Shikamoo, Tonton."

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Mpira tu, Tonton."

Akautazama ule mpira. Wachezaji ishirini na wawili walikuwa wamesimama wima, hakuna aliyewagusa.

"Mbona wamepanga mstari kama wanasubiri komunyo?"

Tonton akaweka Biblia mezani, taratibu, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe wazi.

"Nimesikia tangu nje," alisema. "Malizia kusoma."

"Kusoma nini, Tonton?"

"Hicho kilichomo kwenye simu. Cha karani na Januari."

Inès akaona lango lake, Keza wake na miaka yake mitatu ya kazi vikichomolewa waya. Franck akaona mkanda wa suruali ukivuliwa.

"Si mimi niliyeandika!" akapiga kelele. "Tonton, naapa! Simjui hata aliyeandika! Mimi nilisema tu ili nipewe sauti!"

Inès akamgeukia polepole.

"Najua," Tonton alisema.

Akakaa, akalegeza tai, akafumba macho. Simu ilikuwa bado mkononi mwa Franck.

"'Lile jina si langu,'" alianza, kwa sauti ileile anayosomea somo la kwanza, "'na mpaka leo ofisi zote za Texas zinaniita hivyo. Mnaijua kazi ya kugeuka kila unapoitwa jina la mtu mwingine? Nimeifanya miaka thelathini. Huyu msichana asiifanye hata dakika moja. Mlinzi amuulize: unaitwa nani? Akijibu, amfungulie. Na ampe maji, ametoka mbali.'"

Jikoni maharage yalianza kuungua na hakuna aliyeyajali. Tonton akafumbua macho, akamtazama Inès.

"Kesho tunaondoka saa ngapi?" aliuliza. "Na huyu asikudanganye, hilo lango hajawahi hata kuliona. Kila asubuhi nikiwasha mashine kabla ya zamu yangu ya kazi, namkuta nchi ya kwanza, amelala chali, kauawa na mbuzi."